Askari wa a6 na Mjerumani aliyenifundisha kazi yake

Mchezo ule wa sataranji (chess) niliupoteza kwenye hatua ya tano, ingawa nilikubali yaishe baada ya saa nzima. Nilikuwa na kete nyeusi, nikacheza ulinzi wa Kisisilia, yaani kuijibu e4 kwa c5 (herufi na namba hutaja mraba ambako kete inatua). Farasi wa mwenzangu akatoka f3, nikaweka e6. Akasukuma d4, nikamla, farasi akala, nami nikasogeza askari wa pembeni, a6. Daftari langu lilisema sasa atatoa farasi c3. Mwenzangu akasukuma c4. Nikaduwaa. Nikapeleka b5, kwa kuwa nilikuwa nimekariri kwamba b5 lazima ije. Akala, nikala, akala tena, na askari wangu akaenda bure.

Hatua nilikuwa nazo tele kichwani. Nilichokosa ni kujua yule askari wa a6 ana kazi gani, na aliyenifungua macho ni Louis Paulsen, Mjerumani aliyefariki mwaka 1891.

Wengi wanamjua kwa kipigo kimoja tu, New York mwaka 1857. Mmarekani Paul Morphy alimkalisha malkia wake d3 mpaka askofu wa Paulsen wa c1 akakosa pa kutokea, kisha akamtoa kafara malkia huyohuyo kwa kumla askofu wa f3. Paulsen alimaliza wa pili katika shindano lile. Miaka mitatu kabla alikuwa amehamia Iowa, Marekani, kwa biashara ya tumbaku. Aliporudi kwao Ujerumani aliendelea kujenga alichokiamini: kwamba mtu anaweza kujilinda kwa subira na akashinda, zama ambazo wengi walikimbilia kushambulia mfalme. Mwaka 1877 aliibuka wa kwanza Leipzig, mbele ya Anderssen na Zukertort, vigogo wa zama zile. Leo mipangilio yake ya Kisisilia hutajwa zaidi kwa majina ya Kan na Taimanov, wachezaji waliokuja baadaye, na hilo huniuma kidogo.

Sasa mtazame askari wa a6. Anawanyima farasi na askofu weupe mraba wa b5, hivyo malkia wako anakaa c7 bila kufukuzwa. Anaandaa b5, ili askofu aende b7 kuitazama e4. Na kete zako nyingine bado hazijajifunga popote.

Ukishaelewa hayo, c4 haikutishi. Ni kweli inafunga njia ya b5. Lakini askari aliyefika c4 hawezi tena kurudi c3 kumfukuza askofu wako atakayetua b4! Toa farasi f6, aivizie e4. Farasi wake akija c3 kuilinda, mbane kwa askofu b4, asisogee kwa kuwa nyuma yake yupo mfalme. Chunga d6 tu, maana askari wa e amekwishasogea e6 na yule wa c5 ameliwa, hivyo hakuna askari wa kuilinda.

Ushauri wangu: weka ubao wa kweli mezani, si simu. Kwa kila hatua ya ufunguzi wako andika sababu moja kwa maneno yako. Ukikwama, hapo ndipo utakapopigwa. Kisha jiulize mpinzani angecheza nini ili sababu hiyo ife. Mimi nilitumia jioni tatu kwa hatua tano za mwanzo tu, na sijutii hata moja.

Nilikutana tena na yule mwenzangu. Akasukuma c4 harakaharaka, kama mara ya kwanza. Farasi f6. Farasi c3. Askofu b4. Akaegemea kiti, akaanza kufikiri.