Msihesabu saa, hesabuni usiku

Dar hadi Mtwara ni saa ngapi kwa gari? (Msomaji, Mbagala)

Swali hili linarudi kila wiki. Ni kama kilomita 560, lami. Saa muulize dereva wa basi. Mwenye gari la kulala ahesabu usiku: wa kwanza Kilwa, wa pili Lindi, wa tatu Mikindani.

Shikamoo mzee. Tumekodi Coaster iliyong'olewa viti ikafungwa vitanda na jiko. Tuko wanne, siku saba kutoka Dar. Turudi njia ileile au tuzungukie Songea? (Msomaji, Kibaha)

Marahaba mwanangu. Rudini njia ileile. Kutoka Songea kupitia Njombe na Iringa mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 900 peke yake. Mtashinda mkikimbizana na barabara na hilo jiko hamtaliwasha.

Siku saba zipeni pwani. Wengi wakishavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji hukanyaga mafuta, Nangurukuru wakaipita kama hawakuiona. Ninyi kateni kushoto hapo. Egesheni Kilwa Masoko, chukueni kibali, pandeni mashua hadi Kisiwani mkauone Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa. Magofu hayo yamo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1981, na wapo wenzetu wanaopita njia panda ile kila mwezi bila kuyakanyaga. Inaniuma sana.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote ni cha mwisho, Mingoyo kuja Mikindani. Kipiteni alasiri. Barabara inaizunguka ghuba, minazi kila upande, na Boma la Wajerumani la 1895 linawatazama kutoka mlimani. Ila mfike kabla ya magharibi. Giza likiingia kuna mbuzi, bodaboda zisizo na taa, na malori ya korosho yaliyoharibika katikati ya njia yakiwekewa matawi tu. Gari refu halikwepi upesi.

Coaster inafika ufukweni Msimbati, kule Mtwara?

Kijijini inafika. Mchangani hapana. Mnaona picha za magari yakikimbia kando ya maji, mnasahau kwamba yale ni mepesi na yanavuta kwa magurudumu yote manne. Nimeshuhudia gari kubwa limezama hadi ekseli siku ya bamvua, maji yanajaa, vijana wanachimba kwa majembe na mikono. Shukeni mtembee.

Tuje Machi?

Hapana. Mvua haijakatika. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopiga, barabara hii ilikatika Somanga na abiria wakalala njiani. Njooni kati ya Juni na Oktoba.

Tunaruhusiwa kulala popote panapotupendeza?

Hapana. Ombeni uwanja wa nyumba ya wageni au misheni. Mkiwa kijijini, pigeni hodi kwa mwenyekiti kwanza. Na kingo za Ruvuma msilale kabisa: ng'ambo ni Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji, ambako mapigano yalianza 2017.

Kila siku pwani, pwani. Sisi wa Newala hatupo?

Mna haki ya kulalamika. Mwenye siku mbili za ziada apitie Masasi, apande Newala, asimame Shimo la Mungu asubuhi. Bonde la Ruvuma linafunguka chini ya miguu yako hadi upande wa Msumbiji, na hakuna ufukwe utakaokupa mandhari ile. Wakati wa kushuka tumieni gia ndogo, na tangi la maji mlimwage kwanza, maana uzito ule unalisukuma gari na breki zikishapata moto hazishiki.