Kigeuze Kwanza

Mtu akinionyesha mwanasesere wa Barbie na kuniambia "huyu ni wa 1966, si unaona imeandikwa mgongoni," huwa natabasamu tu. Imeandikwa kweli. Ila mwaka huo ni wa haki miliki ya kiwiliwili. Mattel, kampuni inayomtengeneza Barbie, waliendelea kukitumia kiwiliwili kile pamoja na maandishi yake kwa miongo kadhaa, hivyo mwanasesere aliyetoka kiwandani miaka ya 1980 anaweza kabisa kuwa na 1966 mgongoni. Kwenye vichezeo vingi ndivyo ilivyo: tarehe inakuambia umbo lilisajiliwa lini, haikuambii hicho ulichoshika kilitengenezwa lini. Wauzaji wengine hawalijui hilo, wengine wanalijua vizuri sana.

Ndiyo maana nikiulizwa na anayeanza kukusanya vitu vya zamani, vichezeo, santuri, majarida ya vibonzo na kadhalika, aanzie wapi, simwambii anunue nini. Namwambia ajifunze yale mambo madogo yaliyoacha alama kwenye kitu chenyewe. Maswali ya chemsha bongo ya kukariri, nani aliigiza nini na mwaka gani, yana raha yake, hasa mkiwa wengi na mabishano yamepamba moto. Lakini jambo unaloweza kulihakiki kwa jicho na kidole lina utamu wa pekee, tena linakulinda mfukoni.

Turudi kwa huyohuyo Barbie. Alizinduliwa New York, Machi 1959. Wale wa toleo la kwanza wana matundu kwenye nyayo, na ndani yake vibomba vya metali, kwa sababu walisimamishwa juu ya kibao chenye vijiti viwili vinavyoingia miguuni. Basi ukiambiwa ni wa kwanza kabisa, mvue viatu. Halafu mtazame masikio: hereni za metali zikikaa miaka mingi huacha ukijani kwenye plastiki. Mimi ukijani huo haunikeri. Mtu alimvisha hereni akamwacha nazo, na hiyo nayo ni historia yake. Anayekusanya kwa ajili ya kuuza atakuwa na maoni tofauti.

Kwenye santuri ndiko ninakokaa muda mrefu zaidi. Watu hutazama jalada, wakaangalia mikwaruzo, wakaridhika. Tazama pale katikati, kati ya mwisho wa wimbo na lebo, kwenye ule utepe laini usio na muziki. Ishike santuri kwa kingo, iinamishe chini ya taa, izungushe taratibu mpaka mwanga uteleze vizuri. Yatajitokeza maandishi membamba yaliyochongwa: namba, herufi, mara nyingine jina au utani wa fundi aliyechonga sahani mama, ile ambayo nakala zote hutokana nayo. Fundi George Peckham wa Uingereza alizoea kuandika hapo "A Porky Prime Cut", na wapo watu wanaonunua santuri kwa sababu ya maneno hayo, kwa kuwa wanaiamini kazi yake. Namba za hapo ndizo hukusaidia kujua kama una toleo la mwanzo au lililorudiwa baadaye. Jalada linaweza kubadilishwa na santuri nyingine bila mtu kujua. Maandishi haya yamo ndani ya santuri yenyewe, hayatoki.

Na jalada nalo lina yake. Juni 1966 kampuni ya Capitol nchini Marekani ilichapa albamu ya Beatles, Yesterday and Today, ikiwa na picha yao wamevaa makoti meupe ya wachinjaji, wamezungukwa na vipande vya nyama na viungo vya wanasesere. Malalamiko yakaja, ikarudishwa haraka. Majalada mengi hayakutupwa: yalibandikwa picha mpya juu yake, Beatles wakiwa wamezunguka sanduku kubwa la safari. Kwenye jalada lililobandikwa, tazama eneo jeupe upande wa kulia. Weusi wa nguo ya Ringo, mpiga ngoma wao, kutoka picha ya chini huweza kuonekana kama pembetatu hafifu. Ukiiona, tafadhali usianze kubandua. Wengi walibandua wakaambulia karatasi iliyochanika, na yale ambayo hayajaguswa yamezidi kuadimika.

Kuna jambo jingine la kuchekesha kuhusu kumbukumbu zetu. Kampuni ya vichezeo ya Kenner ilitangaza kichezeo cha Boba Fett, mhusika wa filamu za Star Wars, chenye kombora mgongoni linalofyatuka. Kabla hakijawafikia watoto, ufyatuaji uliondolewa kwa sababu za usalama, na kilichotumwa mwaka 1979 kina kombora lisilotoka. Vya kufyatua vilivyopo ni sampuli za kiwandani. Hata hivyo hukosi kukutana na mtu mzima, mwenye akili zake timamu, anayeapa kwamba alikuwa nacho utotoni na alikifyatua hadi kombora likapotea. Nilikuwa nabishana nao. Siku hizi nawaacha waendelee, kwa sababu wanasimulia kwa raha sana.

Kuhusu utunzaji sitasema mengi: jua ni adui wa kila kitu, karatasi ya majarida ya zamani hugeuka njano yenyewe kutokana na asidi iliyomo, na mifuko ya plastiki aina ya PVC usiiweke karibu na chochote unachokipenda, tumia ya poliesta. Santuri zisimame wima, zisilale moja juu ya nyingine. Lakini hili lishike: sahani nzito za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo nyingi zimetengenezwa kwa shelaki, yaani utomvu utokao kwa wadudu, usizisafishe kamwe kwa spiriti. Shelaki huyeyuka kwenye alkoholi, na muziki utaufuta kwa kitambaa chako mwenyewe.

Suala la maboksi yasiyofunguliwa mimi nina msimamo wangu. Kichezeo ambacho hakijawahi kuchezewa kina thamani sokoni, sibishi, lakini siwezi kukigeuza, siwezi kuona nyayo wala kusoma mgongo. Nitachagua kilichochakaa kidogo ninachoweza kukishika.

Na ukinunua kutoka mbali, usiridhike na ile picha nzuri ya mbele. Omba ya chini, ya mgongo, ya zile pembe za jalada, na ya maandishi ya katikati ya santuri, yapigwe karibu na mwanga ukitokea ubavuni. Muuzaji anayekijua kitu chake atakutumia bila shida, pengine na maelezo ambayo hukuyaomba. Akianza kukwepa swali la nyayo, mshukuru uendelee kutafuta.