Talki kwa maji ya kifuani: ulizeni kwanza kama pafu limefunguka

Maji yakitolewa kifuani kwa mtu mwenye saratani, yakarudi, yakatolewa tena na bado yakarudi, siku moja daktari atawatajia talki, unga laini wa madini unaotiwa kifuani ili maji yasirudi. Kwa mama yangu, mwenye saratani ya matiti, tulifika hapo akiwa hawezi tena kulala chali. Nawaandikia ninyi mnaouguza, kwa sababu uamuzi huu huja mkiwa mmechoka, na mtu aliyechoka hukubali tu.

Pafu lina utando wake kwa nje, na ukuta wa kifua una wake kwa ndani. Kati yake huwa na majimaji machache tu ya kulainisha. Saratani ikifika hapo, maji yanaweza kujaa hata zaidi ya lita moja, pafu likabanwa. Talki hufanya tando hizo mbili ziwashwe, zivimbe, kisha zishikane, na maji yakose pa kukaa. Daktari Norman Bethune wa Kanada aliieleza njia hii mwaka 1935. Haigusi saratani yenyewe. Inampa mgonjwa pumzi, na kwa asiyeweza kumaliza sentensi bila kuhema, hilo ni jambo kubwa. Maji ya kifua kikuu au ya moyo uliodhoofika ni habari nyingine: hapo hutibiwa kwanza chanzo chake.

Sasa swali ambalo ningependa kila familia ilibebe: je, maji yakishatoka, pafu linafunguka hadi kugusa ukuta wa kifua? Likiwa limefungwa na uvimbe, tando hazikutani, na talki haitashikisha vitu visivyogusana. Picha ya kifua baada ya kutoa maji ndiyo hujibu. Ombeni mwonyeshwe. Jibu likiwa hapana, ulizeni kuhusu mrija laini unaopitishwa chini ya ngozi, ambao mgonjwa hurudi nao nyumbani na maji hutolewa kidogo kidogo. Msiuone kama tiba ya waliokatiwa tamaa. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2012 uliulinganisha na talki, na nafuu ya pumzi ilikaribiana.

Talki yenyewe si poda ya mtoto, na tafadhali asije mtu akafikiria hivyo. Ni ya hospitali, imeuliwa vijidudu na kupunguzwa chembe ndogo mno, kwa kuwa hizo zinaweza kusambaa mwilini na kuyaumiza mapafu. Kwa kawaida hutumika gramu 4 hivi, ama ikichanganywa na maji ya chumvi na kupitishwa kwenye mrija wa kifuani, ama ikipulizwa kwa kifaa chenye kamera. Msihangaike sana kuchagua. Matokeo hayatofautiani sana.

Maumivu ndiyo yaliyonisumbua zaidi, maana wagonjwa wengi, hasa wazee, hujikaza. Mama alikuwa akisema "siumwi" huku ameng'ang'ania shuka. Dawa ya maumivu itolewe kabla ya talki, si baada ya kilio, na ganzi ipitishwe kwenye mrija kwanza. Tuliambiwa na jamaa kwamba ibuprofeni itaharibu kazi ya talki. Utafiti uliotoka mwaka 2015 haukuona hivyo, ingawa daktari lazima aangalie figo na tumbo la mgonjwa. Morfini nayo msiiogope ikiwa daktari ameona inahitajika. Wala si lazima mgonjwa dhaifu ageuzwegeuzwe kitandani ili talki ienee.

Homa siku ya kwanza au ya pili hutokea mara nyingi, maana mwili unaitikia uvimbe. Mwambieni muuguzi hata hivyo. Pumzi ikizidi kuwa fupi badala ya kutulia, iteni msaada papo hapo. Na kwa baadhi ya wagonjwa maji hurudi licha ya yote. Mama alipata nafuu.

Kabla ya kuruhusiwa, hakikisheni barua ya hospitali imeandika talki, tarehe na upande wa kifua. Kipimo cha PET, picha ya mwili inayotumika kutafuta saratani, kinaweza kuwaka mahali hapo hata miaka mingi baadaye kwa sababu ya talki tu, na daktari asiyejua anaweza kudhani saratani imesambaa. Nakala ya barua hiyo ikae pamoja na picha zake, na msomaji wa kipimo aambiwe kabla hajaanza.