Kwa wasaidizi wapya wa kisheria: msiishie katikati ya kifungu

Karibuni Kisumu. Najua mmetoka kwenye mafunzo na Katiba ya Kenya ndogo mfukoni, Sura ya Nne, ile ya haki, mmeikariri. Mimi pia nilianza hivyo, na kesi yangu ya kwanza ikaniumbua.

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili jioni. Mama mmoja anayeuza omena soko la Kibuye alinipigia simu: kijana wake ameshikwa. Aliniita "wakili", nami sikumrekebisha (ninyi mrekebisheni mtu hapo hapo). Nikamwambia, "Mama, tulia. Katiba inasema saa 24. Kesho jioni lazima wamwachilie." Jumamosi tukaingia kituoni, mimi mbele, yeye nyuma na chai kwenye thamosi. Afisa wa zamu hakunifokea. Aliichukua Katiba yangu, akafungua kifungu cha 49, akaweka kidole kwenye mstari ambao sikuwahi kuufikia: saa hizo zikiisha wakati korti imefungwa, mshukiwa atafikishwa kabla ya mwisho wa siku ya korti inayofuata. Yaani Jumatatu. Mama hakunilaumu. Alimgeukia afisa tu, akauliza kama anaweza kumpa mtoto chai.

Mipaka kama hiyo imeshonwa ndani ya haki yenyewe. Kifungu cha 37 kinakuruhusu kuandamana, ila kwa amani na bila silaha. Cha 33 kinalinda maneno yako, ila si uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki. Ukisoma mpaka nukta ya mwisho, utaiona.

Kazi yenyewe iko kwenye cha 24, ambacho wageni hukiruka kwa sababu hakina maneno ya kupigia kelele mkutanoni. Watu hudhani kinaipa serikali ruhusa ya kubana haki. Mimi nakisoma kama orodha ya maswali anayopaswa kujibu mwenye kubana. Ni sheria gani inayokuruhusu? "Amri kutoka juu" si sheria. Unalenga nini? Na je, hapakuwa na njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo hilo? Mzigo wa kuishawishi korti ni wake, si wa mama wa omena.

Mfano ninaoupenda uko jirani, Kapsabet. Mwaka 2010 wagonjwa wa kifua kikuu walioacha dawa walipelekwa jela kwa amri ya korti, eti watengwe wasiambukize wengine. Lengo lilikuwa zuri, na sheria ya afya ya umma inaruhusu kumtenga mgonjwa. Lakini jela? Chumba kilichojaa watu ndipo ugonjwa huo unapenda. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema kumfunga mgonjwa gerezani kwa sababu hiyo ni kinyume cha Katiba. Angalieni kilichobaki: uwezo wa kumtenga mtu anayeambukiza haukufutwa. Kilichoanguka ni namna ulivyotumika. Ukienda kortini ukidai kwamba mgonjwa hawezi kutengwa kamwe, utashindwa kesi ambayo ungeshinda.

Kuna haki nne tu ambazo cha 25 kimezifungia mlango, hazibanwi kwa sababu yoyote: kutoteswa wala kudhalilishwa, kutowekwa utumwani, kusikizwa kwa haki, na amri ya kumleta aliyeshikwa mbele ya korti. Mtu akipigwa selo, msikubali kuvutwa kwenye mjadala wa usalama wa taifa.

Mengine ni ya daftari. Andika saa aliyoshikwa, nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi), na jinsi alivyoelezwa kosa lake, kwa lugha gani. Kifungu cha 22 hakidai ada ya kufungua kesi ya haki, na korti inaweza kupokea hata karatasi isiyo rasmi. Lakini tangu kesi ya Anarita Karimi ya 1979 majaji wanataka uonyeshe kifungu gani kimevunjwa na kimevunjwaje. "Haki zake zimekanyagwa" haitoshi, na hapo ndipo daftari lenu litawalipa.

Yule kijana alifikishwa Jumatatu asubuhi, akapata dhamana. Mamake bado yuko Kibuye. Nikipita hunipimia omena, huniongezea kiganja kimoja, kisha huniuliza kwa sauti majirani wasikie: "Wakili, leo ni siku gani?"