Mringaringa uwanjani: nilivyoupanda na nilipokosea

Mkuu, umeuliza mti gani wa asili wenye maua unafaa kwenye eka yako moja huko Usa River, na kama jakaranda itafaa. Jakaranda inapendeza, sibishi, ila kwao ni Amerika Kusini. Ukitaka wa asili kweli, panda mringaringa. Wachaga wameutunza vihambani, yaani kwenye mashamba yao ya nyumbani, juu ya kahawa na migomba tangu zamani, wala si kwa urembo tu: kivuli unapata, majani yanarutubisha shamba, na mbao yake mafundi wanaigombania.

Wangu niliupanda 2014. Kwenye mbegu nilichemka. Tunda lina ute unaonata vidoleni kama gundi, na nilizozifukia hazikuota hata moja. Masika yalipokolea nikaenda kwa jirani, nikang'oa maotea manne chini ya mti wake, nikayatia kwenye viriba na kuyaweka kivulini wiki sita. Matatu yakashika.

Sasa kosa. Niliupanda mita nne tu kutoka ukutani. Mche wenyewe ulinifika gotini, nikaona nafasi ni bwerere! Leo umepita bati. Majani na maua makavu yanaziba gata, na maji ya tangi yanatoka kama chai ya rangi. Wewe anzia mita kumi, na kumi na tano ukiweza. Uwanja unao, unabania nini?

Halafu usiuache ujikulie. Ukiwa peke yake mahali peupe, mringaringa hutawanya matawi ukiwa bado mfupi, na shina linapinda. Mimi nilikuwa napogolea matawi ya chini kila mwaka, miaka mitatu ya mwanzo. Na uzungushie miiba, mbuzi wanayapenda sana majani yake.

Maua niliyaona mwaka wa tano. Ni meupe, laini kama karatasi iliyofinyangwa mkononi kisha ikakunjuliwa, na yanafunika mti mzima. Asubuhi nyuki wanavuma mpaka unawasikia ukiwa jikoni. Nimeshatundika mizinga miwili. Ila likinyauka, ua hugeuka kahawia na kung'ang'ania tawini kwa muda. Mke wangu husema mti umebabuka na moto.

Hapo kwako una maji ya mfereji, au unategemea mvua? Kama ni mvua tu, subiri masika, mvua za vuli usiziamini.