Picha ya vikombe sita, bei ya kimoja

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Nauza vyombo mtandaoni. Huweka picha ya vikombe sita, chini naandika "sh. 5,000", nikikusudia kikombe kimoja. Anayeuliza namweleza. Sasa kuna mteja ametuma 5,000 kwa simu bila kuuliza, anadai vyote sita. Pia wanaochukua dazeni nawauzia 4,500 kila kimoja, na nimeambiwa bei mbili ni haramu. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Dada yangu, kuuza kwa "kila kimoja kiasi kadhaa" kunafaa. Imam Nawawi katika kitabu chake cha fiqhi, Minhaj, ametaja lundo la nafaka lisilojulikana lina pishi ngapi, likauzwa kila pishi dirham moja, na amesema mauzo hayo ni sahihi. Lundo halijapimwa, lakini mnunuzi anajua dirham yake inampa nini. Mnunuzi wako hajui. Bei kujulikana ni sharti la mauzo. Yeye amelipia sita, wewe umeuza kimoja, basi hamjakubaliana juu ya kitu kimoja. Zungumzeni upya, na mkishindwa mrudishie hela yake yote. Naona na makato ya kutuma uyabebe wewe, maana utata umetoka kwenye tangazo lako.

Bei ya rejareja na ya jumla si haramu. Waliokuambia hivyo huenda wamekusudia hadithi ya Abu Hurayra, aliyoipokea Tirmidhi, mkusanyaji wa hadithi, inayokataza mauzo mawili ndani ya mauzo moja. Tirmidhi amenukuu maelezo ya baadhi ya wanazuoni: ni kusema nguo hii taslimu kumi, kwa mkopo ishirini, kisha watu wakaachana bila kuchagua mojawapo. Mteja wako akishasema "nataka dazeni", bei ni 54,000, jambo limekwisha.

Linalonitia hofu ni jingine. Wako wauzaji wanaojua kabisa kwamba 5,000 kando ya vikombe sita ndiyo inayovuta watu, wakaiacha makusudi. Katika Sahihi Muslim, Mtume (S.A.W.) alipita penye lundo la chakula, akaingiza mkono, vidole vikapata unyevu. Mwenye mali akasema limenyeshewa na mvua. Mtume akamwambia: "Kwa nini hukuuweka juu ya chakula watu wauone? Anayedanganya si katika mimi." Muuzaji yule alijibu kweli alipoulizwa, na bado alikemewa! Kwa hiyo kusema "anayeuliza namweleza" hakutoshi. Andika palepale kwenye picha: "Kimoja 5,000, sita 30,000, kuanzia dazeni, kila kimoja 4,500." Au piga picha ya kikombe kimoja.

Waliokwisha kununua wakijua bei kabla ya kulipa, mauzo yao ni sahihi, usijitie wasiwasi. Ila kama yupo aliyelipa akidhani ni sita, akapokea kimoja na kunyamaza kwa kuona haya, mtafute umpe hiari ya kurudisha. Wallahu a'lam.