Re: Kwani Shaoshang alimsamehe vipi Ling Buyi?

We umeuliza mbona Love Like the Galaxy, ile tamthilia ya Kichina, inawapatanisha Shaoshang na mchumba wake Ling Buyi haraka hivyo, haraka wapi jamani, miaka 5 nzima! Ling Buyi alilipa kisasi cha ukoo wake halisi wa Huo kwa kuua, harusi ikiwa mlangoni, bibi harusi Shaoshang hajaambiwa kitu, na huyu binti wazazi wake walishamwacha mdogo wakaenda vitani, so kwake kuachwa tena ndo kidonda chenyewe, sio hayo mauaji. Ye akabaki kasri kumhudumia Malkia Xuan, jamaa kapelekwa mpakani. Waliporudiana hakuna pozi, wanaangaliana tu macho mekundu. Mi nililia bana, na Wu Lei, anayeigiza Ling Buyi, anajua kuyatumia yale macho. Rudia tena epi za mwisho mwisho, hadi ya 56.